Uzi: Kurudia uchambuzi wa mafuriko ya Dar es Salaam kwa data huria za ramani, na kwa nini kuandika "Chanzo: OpenStreetMap" hakutoshi

#1 Mpimaji wa Bonde (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoingia mitaani pamoja na wakazi kuchora nyumba, vichochoro na mitaro, jiji hili limekuwa miongoni mwa miji ya Afrika iliyochorwa kwa undani mkubwa katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuihariri. Data hizo zimeingia katika ripoti na tasnifu, na zimefika hadi Chuo cha Middlebury huko Vermont, Marekani, ambako wanafunzi wamezitumia kujifunza kuchambua mafuriko ya jiji letu kwa programu huria. Hilo linanipa faraja. Linalonisumbua ni kwamba ukichukua tasnifu au ripoti ya namna hii na kujaribu kuirudia hatua kwa hatua ili uone kama utapata jibu lile lile, unaweza kukwama mapema sana, kwa sababu mwandishi ametuonyesha ramani nzuri ya rangi na hakutuachia njia iliyomfikisha hapo.

Nitatumia swali moja tu ambalo kwa macho linaonekana jepesi: katika kila kata, ni asilimia ngapi ya majengo yamo ndani ya eneo linalofikiwa na mafuriko? Unahitaji matabaka matatu, yaani seti za data za ramani zinazopangwa moja juu ya nyingine. La kwanza ni majengo ya OpenStreetMap, la pili ni mipaka ya kata, na la tatu ni maeneo ya mafuriko, kama yale yanayohifadhiwa na Resilience Academy, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Turku cha Ufini na vyuo vyetu vya Ardhi, Dar es Salaam, Sokoine na SUZA ya Zanzibar. Matabaka yote matatu ni ya wazi na hayauzwi. Hata hivyo watu wawili waaminifu wanaweza kuanza nayo na kumaliza na orodha mbili tofauti za kata zilizo hatarini.

Chanzo kikubwa cha tofauti ni tarehe, na hapa naomba mnivumilie nikae kwa muda. Ramani hii huhaririwa usiku na mchana. Majengo yaliyokuwemo Januari 2017 si yale yaliyokuwemo Desemba ya mwaka huo huo, kwa hiyo kuandika "OpenStreetMap, 2017" ni kutaja chanzo ambacho hakuna anayeweza kukirudia. Kata ambayo wachoraji walikuwa hawajaifikia itaonekana tupu, na mwaka unaofuata itaonekana imejengwa kwa ghafla, ilhali kilichoongezeka ni kazi ya wachoraji. Sasa tuseme uchoraji ulianzia bondeni, jambo ambalo lina mantiki kwa mradi unaolenga mafuriko, kisha ukapanda polepole kuelekea miinukoni. Asilimia ya majengo yaliyo hatarini itakuwa kubwa mno mwanzoni, na itashuka kadiri nyumba za juu zinavyoingizwa kwenye ramani. Atakayerudia uchambuzi baada ya miaka mitatu atatangaza kwamba hatari imepungua, na wala hakuna hata familia moja iliyohama.

Tena tarehe yenyewe si moja. Ipo tarehe ambayo picha ya droni au ya setilaiti ilipigwa, ipo tarehe ambayo mchoraji aliifuata picha hiyo akachora, na ipo tarehe ya mafuriko tunayotaka kuyapima. Chukueni mfano wa bomoabomoa ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2015 na Januari 2016, wakati nyumba zilipopigwa alama ya X nyekundu ukutani na kuvunjwa maeneo ya Mkwajuni, Hananasif na Magomeni. Nyumba iliyoonekana kwenye picha ya mapema mwaka 2015 itaendelea kuwa nyumba ndani ya kanzidata mpaka atokee mtu wa kuifuta, hata kama kiwanjani kimebaki kifusi. Ukiitaka kanzidata ikupe hali ya Februari 2016, itakupa kile ramani ilichokijua siku ile, ambacho chaweza kutofautiana kabisa na kile kilichokuwepo ardhini. Na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu na kufanya baadhi ya wakazi wahamishiwe Mabwepande, yalilikuta jiji ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa halijachorwa, ukiacha maeneo machache kama Tandale, ambako wakazi walianza kujichorea mtaa wao mwaka huo huo.

Jambo la pili ni namna ya kuhesabu. Mstari wa mafuriko haukwepi nyumba za watu, unapita katikati ya sebule. Ukilikatisha kila jengo kwenye mstari kisha ukahesabu vipande, nyumba moja inakuwa mbili, na iliyo mpakani mwa kata mbili inahesabiwa huku na kule. Ukitumia kitovu cha umbo, kila nyumba inahesabiwa mara moja, lakini nyumba yenye umbo la herufi L inaweza kuwa na kitovu kinachoangukia uani au kwa jirani, na ndiyo maana PostGIS, programu ya kanzidata za ramani, ina amri nyingine inayohakikisha kwamba nukta inabaki ndani ya umbo. Ukisema jengo limo hatarini hata likiguswa na mstari kwa ncha tu, idadi inapanda. Njia zote hizi zinaweza kutetewa. Kinachoshindikana kutetewa ni kukaa kimya kuhusu ile uliyoitumia.

Mipaka ya kata nayo imebadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa uliokuwa na wilaya tatu na kata 90. Baadaye zikaja Ubungo na Kigamboni, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728 katika kata 102. Mtu akichukua idadi ya watu ya 2012 na kuiunganisha kwa majina na mipaka ya leo, kata zilizogawanywa zitabaki na watu wa kata mama ndani ya eneo dogo, na programu haitatoa onyo lolote.

Naomba kuwasilisha. Rai yangu ni kwamba uchambuzi wowote wa data huria za ramani uchapishwe pamoja na nakala ya data yenyewe kama ilivyopakuliwa, na msimbo (maagizo yaliyoandikwa kwa kompyuta) uliotumika kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Leseni ya OpenStreetMap, yaani ODbL, inaruhusu kugawa nakala hiyo mradi utaje wachangiaji na kanzidata inayotokana nayo ibaki chini ya leseni hiyo hiyo. Hakuna kizuizi cha kisheria cha kujifichia.

#2 Mkondo

Mkuu, nakushukuru kwa mada iliyotulia. Mimi ni mtu wa maji, na naomba niongeze tabaka ambalo umeliacha, nalo ni mwinuko wa ardhi. Watu wasipokuwa na ramani ya mafuriko huikisia kwa kuchukua data za SRTM, zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kisha wakasema kila sehemu iliyo chini ya mita kadhaa imo hatarini. Data hizo zina chembe (pikseli) za takriban mita 30 kwa 30, na kigezo cha usahihi kilichowekwa kwa misheni ile kilikuwa kosa la wima lisilozidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Usahihi uliopatikana ulikuwa bora kuliko kigezo hicho, lakini pale Jangwani, ambapo mita moja ndiyo inayoamua kama maji yataingia katika karakana ya mabasi yaendayo haraka au yataishia barabarani, ubora huo bado hautoshi. Isitoshe, katika maeneo yaliyobanana rada ile husoma paa pamoja na ardhi, hivyo mtaa uliojengwa sana huonekana umeinuka kuliko ulivyo, na mtaa huo ndio wenye watu wengi.

Kwa hiyo, hata ukirudia uchambuzi wa namna hiyo kwa uaminifu kamili na ukapata tarakimu zile zile, utakuwa umethibitisha hesabu tu. Maji yenyewe hayajathibitishwa.

#3 Mpimaji wa Bonde

Nakubaliana nawe, mkuu, na ndiyo maana napenda tutenganishe kazi mbili. Mwaka 2019 Akademia za Taifa za Marekani zilitoa ripoti iliyoweka tofauti hiyo bayana: kuna kurudia kwa data zile zile na msimbo ule ule ili kuona kama matokeo yanalingana, na kuna kufanya utafiti upya kwa data mpya ili kuona kama hitimisho linasimama. Kazi ya kwanza haituambii kwamba mwandishi yuko sahihi. Inatuambia alichofanya hasa, na bila kujua hilo hatuwezi kumkosoa kwa haki. Baada ya hapo ndipo tunabadilisha kitu kimoja kimoja, yaani leo mwinuko, kesho mipaka, keshokutwa namna ya kuhesabu, tukiandika kila badiliko limesogeza nini. Anayebadilisha vyote kwa pamoja akapata jibu tofauti hawezi kujua tofauti imetoka wapi.

Kuhusu maeneo ya mafuriko, ndiyo sababu nazithamini data zilizokusanywa kwa kuwauliza wakazi maji yalifika wapi, mguuni, magotini au kiunoni. Nazo zina kasoro zake, kwani mpangaji aliyehamia mwaka 2014 hawezi kukueleza ya 2011, na mwenye nyumba anayehofia kubomolewa ana sababu ya kusema maji hayakufika kwake.

#4 Peni na Droni

Naomba niseme kama mtu aliyewahi kuchora. Kwenye maeneo kama Manzese na Tandale, ukiikuza picha ya droni unaona bati limelalia bati. Mchoraji mmoja anazungusha mstari mmoja kuzunguka mapaa yote yaliyogusana, mwingine anayatenganisha kwa kufuata rangi ya kutu, na wa tatu anaacha nafasi nyembamba kwa sababu anajua kuna kichochoro pale ambacho kivuli kimekificha. Sehemu ile ile inaweza kuwa jengo moja, matatu au matano, kutegemea aliyekuwa zamu. Halafu karibu yote yanawekewa lebo ya building=yes, yaani "ni jengo" basi, kwa hiyo duka, msikiti, choo cha nje na nyumba ya kulala vyote vinahesabika sawa.

Mitaro ndiyo migumu zaidi. Mtaro wa zege ukiwa umefunikwa, picha haiuoni, mpaka mtu atembee akiwa na mjumbe wa shina amwonyeshe mfuniko ulipo. Mmoja ataandika waterway=drain (mtaro), mwingine akiona maji yanatiririka mwaka mzima ataandika waterway=stream (kijito). Mtafiti akichuja lebo moja tu, mtandao wa mitaro unakatika katikati ya mtaa na maji yanaonekana hayana pa kwenda.

Swali langu kwa mleta mada: je, tuhesabu majengo au tupime eneo la mapaa?

#5 Mpimaji wa Bonde

Ahsante sana, ndugu. Maelezo kama haya hayapatikani katika sehemu ya mbinu ya tasnifu yoyote niliyoisoma, na ndiyo tunayoyahitaji.

Jibu langu ni kwamba vipimo vyote viwili vitolewe, na pale vinapopingana tuulize kwa nini. Eneo la paa halitikisiki sana kwa tabia ya mchoraji, kwa kuwa mapaa matatu yaliyounganishwa na yale yaliyotenganishwa yana mita za mraba zinazokaribiana. Lakini eneo linaipa uzito mkubwa ghala moja la Barabara ya Pugu kuliko safu nzima ya nyumba za kupanga, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba sita, kila chumba na familia yake, ni jengo moja katika kanzidata, sawa na nyumba ya familia moja iliyozungushiwa ukuta Mbezi Beach. Anayeripoti "majengo yaliyoathirika" kana kwamba anaripoti kaya anawapunguza wapangaji wa bondeni, ambao ndio wanaoanikia magodoro barabarani kila masika. Hili linaniuma, na sidhani kama ni suala la kitaalamu peke yake.

#6 Jirani wa Kibera

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Nairobi. Hapa kwetu kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na makadirio hayo yalinakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti bila mtu kueleza yalivyofikiwa. Sensa ya 2009 ikapata watu takriban 170,000, na mwaka huo huo vijana wa Map Kibera wakaanza kuichora, kwa sababu kwenye ramani nyingi mtaa ule ulikuwa doa tupu. Watu bado wanabishana kuhusu sensa ile, na wana haki ya kubishana. Tofauti ni kwamba mtu akitoa idadi leo anaweza kuulizwa mpaka wake wa Kibera ni upi na majengo yake ni yapi, na akashindwa mbele ya ramani ambayo kila mtu anaiona.

#7 Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Shikamooni wakuu. Mimi nilipendekeza mada ya kurudia uchambuzi wa namna hii, nikaambiwa kwamba kurudia si utafiti na kwamba nitafute kitu kipya. Naomba ushauri. Pia naomba kueleweshwa: kama mwandishi hakuhifadhi data yake, ninaweza kurudisha ramani nyuma hadi siku aliyoipakua?

#8 Mpimaji wa Bonde

Marahaba, kijana wetu. Nianze na la pili kwa sababu lina jibu la uhakika. Huduma ya mtandaoni ya Overpass, inayotumika kuchota data za OpenStreetMap, inakuruhusu kuandika tarehe mwanzoni mwa ulizo lako, kisha inakupa ramani kama ilivyokuwa wakati huo, mradi usiende nyuma ya Septemba 2012, mwezi ambao leseni ilibadilishwa kuwa ODbL. Kwa mkoa mzima wa Dar es Salaam ulizo hilo litakuwa zito, hivyo gawa eneo, au tumia faili la historia kamili ambalo OpenStreetMap yenyewe hulitoa. Wenzetu wa Heidelberg, Ujerumani, wana huduma ya ohsome inayohesabu mabadiliko kwa miezi na miaka. Anza nayo: chora mstari wa idadi ya majengo ya kila kata kwa kila mwezi, na uone ni wapi unapanda kama ngazi. Kila ngazi ni kampeni ya uchoraji. Uchambuzi uliofanyika kabla ya ngazi kubwa usilinganishwe na uliofanyika baada yake bila maelezo.

Angalia pia mfumo wa koordineti, yaani kanuni inayozigeuza tarakimu kuwa mahali duniani. Data za leo kwa kawaida zinakuja katika WGS 84, na kwa vipimo vya mita tunatumia UTM kanda ya 37 kusini, ambayo namba yake ya utambulisho ni EPSG:32737. Ramani zetu za zamani za upimaji ziko katika Arc 1960, EPSG:21037. Tarakimu zake zinafanana kiasi kwamba faili lisilo na maelezo linaweza kuwekewa mfumo usio wake na bado likaangukia Dar es Salaam, lakini likiwa limesogea takriban mita 300. Katika bonde jembamba, umbali huo unatosha kuyahamisha mafuriko kutoka Kigogo hadi kwa watu ambao maji hawajawahi kuyaona mlangoni. Kabla ya hesabu yoyote, fungua tabaka juu ya picha ya setilaiti na ulinganishe daraja moja unalolijua.

Na usishangae msimbo wa zamani ukikataa kufanya kazi. Vifurushi vya rgdal na rgeos vya lugha ya kompyuta ya R, ambavyo uchambuzi mwingi wa miaka ya nyuma uliviegemea, viliondolewa Oktoba 2023, hivyo itakubidi uhamie kifurushi cha sf. Maktaba ya GEOS, inayofanya hesabu za maumbo ndani ya programu nyingi za ramani, nayo ilibadilisha injini yake ya kukatisha maumbo katika toleo la 3.9, na tofauti ndogondogo za eneo zinaweza kutokea hata kama hukugusa chochote. Andika matoleo yote uliyotumia.

Sasa kuhusu kuambiwa kwamba kurudia si utafiti. Mwaka 1979 wanajiografia Openshaw na Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa na swali moja kuhusu wapiga kura wa Republican na wazee, wakaziunganisha kaunti kwa namna nyingi mbalimbali, na kipimo cha uhusiano ule ule kikatoka karibu hasi moja kamili (kimoja kikipanda kingine hushuka) hadi karibu chanya moja kamili (vyote hupanda pamoja). Data hazikuwa mpya hata kidogo. Kilichobadilika ni mipaka, na somo hilo linafundishwa hadi leo. Wewe una kata 90 za 2012, kata 102 za 2022, na chini yake mitaa. Rudia uchambuzi uleule kwa mipaka yote mitatu, tena kwa tarehe mbili za ramani, na uonyeshe ni kata zipi zinabaki juu ya orodha kila mara na zipi zinapanda na kushuka kutegemea aliyehesabu. Kata inayobaki juu katika kila hali ndiyo ambayo halmashauri inaweza kuipeleka fedha ya mitaro bila wasiwasi. Mpelekee msimamizi wako pendekezo lenye swali hilo, kwa kuwa swali hilo ni jipya hata kama data ni za zamani.

#9 Mkondo

Kijana, ukifika kwenye tabaka la mafuriko niandikie hapa hapa. Bonde la Msimbazi linabadilika: Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa kuliendeleza mwaka 2022, na wakazi wamelipwa fidia wakavunja nyumba zao. Pakua majengo ya bonde hilo sasa na uyahifadhi yakiwa na tarehe na saa, kabla wachoraji hawajaanza kuyafuta.

#10 Mpimaji wa Bonde

Naunga mkono. Na wewe Peni na Droni, ukiona mtu anafuta nyumba zilizovunjwa pale Jangwani, mwombe aandike kwenye maelezo ya uhariri wake chanzo cha taarifa na tarehe ya kuvunjwa, badala ya kuzifuta kimya kimya. Mstari huo mmoja utamwezesha atakayerudia kazi hii baada ya miaka kumi kutofautisha nyumba iliyobomolewa na nyumba iliyochorwa kimakosa.